Kilo Arobaini za Mbegu

Haya, sogea karibu, weka kikombe chini, nikutegee. Kuna mmoja huitwa kwenye shughuli akiwa na kilo arobaini. Akishaingia, nyumba nzima ni kelele na mapovu: walioshikana wanaachana, wasiojuana wanashikana. Yeye hali, hanywi, wala hachoki. Shughuli ikiisha hutoka na kilo zake arobaini zilezile, tayari kwa shughuli nyingine. Ni nani huyo?

Ukisema mshenga, umekosa padogo tu. Mshenga hupakuliwa pilau, na akitoka huwa mzito kuliko alivyoingia. Fikiri tena. Umeshindwa? Basi baki na mji wako, sitauomba. Nipe masikio tu, maana kitendawili hiki Siwema Mkude alikitega mwenyewe, mbele ya wanawake sitini, siku aliyoleta mbegu zake kwenye karakana ya rangi ya Kilangare. Miezi saba baadaye kikamrudia na kumkaba koo.

Kilimrudia asubuhi ya Siku ya Maji Meupe.

Siku hiyo ngoma zilianza kabla chai haijachemka. Watu wa Mabondeni walikuwa wanapanda kutoka chini ya Mto Lwande na ndoo, mitungi na madebe, na bibi mmoja alikuwa na birika la kahawa tu, kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza kuteka. Kwa miaka ishirini na miwili watu hao waliujua mtindo wa vitenge kabla maduka hayajaujua. Mwaka wa zambarau mto ulishuka zambarau. Mwaka wa rangi ya chungwa mbuzi walirudi malishoni na midomo ya chungwa. Na sasa maji yaliyotoka karakanani yalikuwa meupe kiasi kwamba ukiyajaza kwenye beseni unahesabu mikwaruzo ya chini.

Siwema, mkemia wa karakana, mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, alikuwa amesimama kati ya mapipa yake saba akicheka peke yake. Kila pipa lilikuwa refu kuliko mtu, na ndani ya kila moja kulikuwa na kilo arobaini za mbegu. Ndogo kama mbaazi zilikuwa, moyo wa chuma, ngozi ya shaba. Maji machafu ya rangi yalipita juu yake pamoja na dawa ya mapovu, ileile ya kusafishia vidonda ila kali zaidi. Shaba na chuma huipasua dawa hiyo ikawa vipande vyenye hasira, visivyoweza kukaa peke yake hata nukta moja. Vipande hivyo huirukia rangi na kuitafuna pingili kwa pingili, mpaka hapabaki nyekundu wala buluu. Na mbegu? Mbegu huchochea tu. Hazitafuni wala hazitafunwi. Ndizo jibu la kitendawili.

"Wewe na hizo soksi zako za mikononi!" sauti ilimwita kutoka kwenye banda la kuoshea. "Leo sikukuu, zivue basi, usalimie watu na vidole!"

Huyo alikuwa mama yake, Bi Tamima, mkuu wa waoshaji. Zamani alikuwa mpishi wa shughuli, na mji mzima ulizijua sufuria zake za shaba kwa kung'aa. Mikono yake sasa ilikuwa na rangi hadi viwiko, na glavu hakuwahi kuvaa. Kila Ijumaa yeye na wenzake walitoa mbegu mapipani, wakaziosha, wakazirudisha zinameremeta kama hereni za bibi harusi.

"Glavu ni sheria ya maabara, Mama."

"Sheria! Mtu anagusa kazi yake kwa soksi." Banda zima likacheka, na Siwema naye akacheka, maana siku ilikuwa njema mno.

Palikuwa na jambo moja tu lililokuwa likining'inia. Swali.

Mito yote, tangu ilipopewa haki zake, ilikuwa na Msemaji. Wa Lwande alikuwa nguzo nyeusi pale kivukoni, yenye tundu la sauti, na nyuzi zake zililala chini ya mchanga kilomita kumi na mbili, zikionja maji usiku na mchana. Mto ukiona vibaya huuliza. Juzi, saa sita kamili mchana, uliuliza kwa ile sauti yake ya mama wa makamo asiye na haraka: *Nani ananitia shaba?* Perege watatu walikuwa wameshaonekana wakielea tumbo juu.

Siwema hakutetemeka. Kwake hakutoki shaba, alijua. Mbegu hazipungui.

* * *

Mzee Kindole aliingia bila kubisha hodi, jambo ambalo si kawaida yake. Alikuwa mtu wa kuchuna nyaya kuukuu na kuyeyusha shaba, kibanda chake kiko kando ya mto, na shaba yote ya mbegu ilitoka kwenye tanuri lake.

"Shikamoo, mzee. Mbona hujavaa kanzu? Ngoma zinakungoja."

"Marahaba, binti yangu. Ngoma zinaningoja kwa jambo jingine." Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. "Leo siku ya tatu. Saa sita asipojibu mtu, Msemaji atakadiria mwenyewe. Atamkadiria nani mwenye shaba kwenye mto huu?"

Siwema hakuhitaji kuambiwa jibu. Sheria aliijua. Anayejibu mwenyewe hufungiwa mto mwaka mmoja: hateki, hamwagi. Anayekadiriwa kwa kunyamaza hutolewa mtoni yeye na kizazi chake, na kibanda hubomolewa.

"Kwako hakumwagiki kitu?"

"Hata tone! Shaba ni chakula changu, nitakimwagaje?" Akapangusa uso kwa kiganja cheusi. "Nikalala nawaza. Nikakumbuka kitendawili chako, kile cha kilo arobaini. Nikajiuliza, hivi yule binti ameshampima huyo mtu wake tangu aingie shughulini?"

Siwema aligeuka akayatazama mapipa yake. Hakuwa amepima. Nani hupima kitu kisichopungua?

"Tupime sasa hivi," alisema, na tayari alikuwa anakimbilia mizani.

Walifungua pipa la kwanza, wakachota, wakamwaga juu ya mizani. Kindole alichutama kusoma namba.

"Thelathini na saba," alisema. "Na vichenji."

Pipa la pili, thelathini na saba. La tatu, thelathini na sita na nusu. Siwema hakungoja la nne. Alichovya karatasi ya kipimo kwenye maji ya pipa la kwanza, yale maji meupe ya kusifiwa. Karatasi ikageuka buluu, buluu kama sare ya shule.

Rangi ilikuwa imeondoka, na shaba imeingia mahali pake. Macho ya watu yalikuwa yameona weupe yakaridhika, na ya Siwema yalitangulia.

"Limebaki lile," Kindole alisema, akionyesha pembeni.

Pipa la saba lilikuwa nyuma ya nguzo ya jengo. Mfuniko wake uligoma tangu wiki ya kwanza, na waoshaji walikuwa wakiliruka kila Ijumaa. Waliupiga nyundo mpaka ukaachia. Mbegu za humo hazikumeremeta hata kidogo. Zilikuwa za kahawia, zimefanya ukoko, kama kahawa iliyokaangwa ikasahauliwa.

"Hizi zimekufa," Kindole akasema.

"Pima."

Arobaini. Arobaini kamili, na punje moja ikadondoka ikabingirika chini ya mizani. Siwema akachovya karatasi kwenye maji ya pipa hilo. Yalikuwa meupe kama ya wenzake, na karatasi ikabaki vilevile, nyeupe pe!

Akapiga kelele. Akamkumbatia mzee wa watu na masizi yake yote. "Zinafanya kazi! Mzee, zinafanya kazi! Ukoko ndio unaozilinda, kumbe ukoko ndio nguo yao! Mbegu hazina kosa!"

"Sasa kosa la nani?"

Siwema akamwachia mzee. Kutoka banda la kuoshea upepo ulileta harufu aliyoizoea tangu utotoni, harufu ya kesho kuna shughuli, ya jikoni kwa mama yake. Ukwaju na chumvi.

* * *

Hivyo ndivyo zinavyosuguliwa sufuria za shaba Kilangare. Unaloweka ukwaju, unatia chumvi ya mawe, unasugua mpaka unajiona meno. Sufuria ikirudi kutoka kwenye shughuli haing'ai, mwenyewe hupelekewa salamu za kejeli mpaka kwa mawifi. Bi Tamima alipokabidhiwa mbegu zenye ngozi ya shaba, hakuna aliyemwambia azing'arishe na hakuna aliyemkataza. Kilichofanya mbegu kumeremeta ni ukali wa ukwaju: ulizivua ukoko, ukalamba na ngozi kidogo. Ijumaa baada ya Ijumaa, ngozi hiyo ilikwenda mtoni.

Siwema alisimama kwenye kizingiti cha banda. Saa ya ukutani ilisema tano na nusu.

Kunyamaza kulikuwa rahisi kuliko kuvuka mlango. Akinyamaza, karakana inabaki wazi, wanawake sitini wanabaki na kazi, ukwaju unapigwa marufuku kimyakimya kuanzia kesho, na mto unapona. Mabondeni wanacheza ngoma yao. Anayebomolewa ni mtu mmoja, hana mke, hana mtoto. Alimsikia huyo mtu mmoja nyuma yake, anazirudisha mbegu pipani kiganja kwa kiganja, kwa uangalifu, asipoteze hata punje.

"Mama," Siwema alisema. "Ni ukwaju."

"Ukwaju umefanyaje?" Bi Tamima hakuinua uso. "Kama umekwisha, chumbani mna fungu jingine."

"Ndio unaozivua mbegu. Shaba anayoiulizia Msemaji inatoka kwetu. Humu, bandani."

Mikono yote ikatulia ndani ya mabeseni. Bi Tamima alijipangusa kwenye kanga, taratibu.

"Mwanangu, unaniambia mimi usafi umekuwa uchafu?"

"Mama..."

"Miaka arobaini nimesugua sufuria kwa ukwaju. Wamekula mashehe, wamekula mapadri, wamekula mabwana afya. Nani alikufa?"

"Hakuna, Mama. Lakini zile sufuria mwisho wake zilikuwa nene vilevile?"

Kisha mwanamke mmoja nyuma, Mwanamosi mwenye ulimi usiolala, alinong'ona kwa sauti iliyofika kila pembe: "Ile kubwa ya harusi si ilitoboka kitako? Pilau la watu likazima moto!"

Wengine walibana vicheko. Bi Tamima hakucheka. Alikuwa anaitazama mikono yake.

"Umejua lini?" aliuliza.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. "Kujua, nimejua leo. Lakini niliziona zinameremeta tangu wiki ya tatu, moyo wangu ukaniambia si sawa. Nikaona haya kukusahihisha mbele ya wenzio."

"Kwa hiyo ulininyamazia kwa adabu."

"Ndiyo, Mama."

"Miezi saba! Adabu gani hiyo, ya kumwacha mzazi wako aharibu huku unamchekea?" Alifungua fundo la kanga yake ya kazi, akaitupa juu ya beseni, akatoka kwa mlango wa nyuma. Hakuna aliyethubutu kumfuata.

* * *

Kivukoni palikuwa pamejaa hadi juu ya mawe. Siwema alipenya kwa mabega, Kindole nyuma yake, na watu wakamshangilia wakidhani amekuja kufungua sherehe. Wasichana wa Mabondeni walimtupia maua ya njano. Akapita katikati ya maua akaenda moja kwa moja kwenye nguzo nyeusi, akapiga goti kwenye mchanga, akavua glavu, akautia mkono majini. Jibu halipokelewi mpaka mkono uwe ndani ya mto.

Zilibaki dakika kumi na mbili.

*Nani ananitia shaba?* Msemaji aliuliza, bila haraka.

"Mimi. Siwema Mkude, wa karakana ya rangi."

Ngoma zilikatika moja moja, kama mvua inayoacha. Siwema alihisi nyuzi ndogo zikimtambaa kwenye vidole, zikionja ngozi.

*Mkono huu hauna shaba,* Msemaji akasema. *Jibu halijapokelewa. Nani ananitia shaba?*

"Mbegu ni zangu! Nimezitengeneza mimi!"

*Mkono huu hauna shaba. Nani ananitia shaba?*

Aliutazama mkono wake: laini, mweupe viganjani, mkono wa mtu aliyegusa kazi yake kwa soksi miezi saba. Mto haukutaka mwenye mbegu. Ulitaka mkono uliosugua.

"Kumbe ni nyinyi!" mtu wa Mabondeni alipiga kelele. "Tumekuja na watoto tuteke sumu?" Ndoo moja ikarushwa, ikagonga jiwe. Bibi mwenye birika akalikumbatia kifuani.

"Maji ya pipa la saba ni salama!" Siwema alipaza sauti, akiinua ile karatasi nyeupe juu ya vichwa. "Nitawaonyesha! Dawa ipo, tumekosea kuosha tu!"

"Anayejibu hufungiwa mwaka," Kindole alimwambia sikioni. Alikuwa anakunja mkono wa shati, na chini yake ngozi ilikuwa ya shaba kweli, imeingia mpaka kwenye makovu. "Anayekadiriwa hubomolewa. Zimebaki dakika sita, binti. Acha nijibu mimi, mto utaukubali mkono wangu. Mwaka mmoja nitauvumilia."

Na ungekubali, ndiyo. Nyuzi zingemwonja mzee, zikaridhika, karakana ikabaki wazi, mama yake asitajwe. Kila kitu kingekaa mahali pake kwa uongo mmoja mdogo, tena wa kujitolea. Siwema aliuona uongo huo ulivyo mtamu, na mkono wa mzee ulikuwa umefika kiganja kimoja tu kutoka kwenye maji.

Akaudaka kwa mikono yake yote miwili.

"Wewe hukuutia kitu. Usiuambie mto uongo, mzee wangu. Tukishaanza hivyo, kesho mto utamwuliza nani?"

"Basi nibomolewe?"

"Ngoja."

"Ningoje nini?"

Hakujua. Dakika nne. Dakika tatu. Msemaji aliuliza tena, na sauti yake ilikuwa ileile, haina hasira wala huruma.

Ndipo watu wa nyuma walipoanza kuachia njia. Waoshaji wote walikuwa wanashuka kutoka karakanani, mikono wazi, ya buluu na nyekundu na njano hadi viwiko, na mbele yao Bi Tamima amebeba kichwani beseni la ukwaju uliolowekwa. Hakuwa amekimbia. Alikuwa amekwenda nyumbani kuvaa gauni lake la shughuli.

Huyu ndiye mwanamke ambaye tangu nguzo ile isimamishwe hakuwahi kuisemesha hata neno. Watu wakiuliza kwa nini, alijibu kwamba yeye haongei na bomba.

Alilishusha beseni miguuni pa Siwema. "Mwaka mmoja tutashona," alimwambia, kama anayeendeleza mazungumzo ya jana. "Mwanamosi ana cherehani mbili. Na lile pipa la saba ulifunge kwa kufuli, asiliguse mtu, hata mimi." Kisha, kwa sauti ya chini: "Siku nyingine ukiniona nakosea, niseme. Mbele ya watu, hivyohivyo. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Bi Tamima akamtazama Kindole, akamtazama bibi mwenye birika, akapandisha gauni lake zuri hadi magotini na kuingia mtoni. Aliinama, akaitumbukiza mikono yote miwili. Nyuzi zikaja. Hazikuhitaji kutafuta.

*Nani ananitia shaba?*

"Mimi," alisema, na Mabondeni yote ikasikia. "Tamima binti Mwinshehe. Kwa mikono hii, kwa ukwaju na chumvi, kila Ijumaa, nikidhani ninasafisha."